Je, chama cha mwandishi huingia kwenye habari anayoandika?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu huku Tukuyu. Kijana wangu anasomea uandishi wa habari, naye ni mkereketwa wa chama kimoja hasa. Je, ataweza kuandika kwa haki habari za chama asichokipenda?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Ataweza, lakini ajifunze kwanza mapenzi yake yanapenya wapi. Miaka yote niliyokaa deski ya habari hapa Mbeya, uongo wa wazi nimeukuta mara chache. Ninachokuta kila wiki ni vitenzi.

Mwandishi mmoja aliniletea habari ya mkutano wa hadhara kuhusu mradi wa maji uliokwama. Kiongozi wa serikali "alibainisha" kuwa fedha zilichelewa. Diwani wa upinzani "alidai" kuwa fedha zilichelewa. Jambo ni lile lile! Msomaji wa haraka angemwamini wa kwanza na kumtilia shaka wa pili. Nilimwita kijana, tukaandika "alisema" kwa wote wawili. Alishtuka, maana hakuwa amekusudia. Na asiyekusudia ndiye anayenipa kazi zaidi, kwa sababu hajui kama kuna cha kurekebisha.

Penye vyama tu si lazima pawe na upendeleo. Utafiti wa mwaka 2013 nchini Marekani ulionyesha asilimia 28 ya waandishi walijitaja kuwa wa chama cha Democrats, asilimia 7 tu wa chama pinzani cha Republicans, na nusu hawakuwa na chama. Mwaka 2020 wasomi Hassell, Holbein na Miles wakawapima waandishi wa magazeti huko huko: waliwatumia barua pepe za mgombea wa kubuni, mara wa mrengo huu, mara wa ule, akiomba kuhojiwa. Waandishi hawakuonyesha kubagua upande wowote katika kujibu. Mimi naupokea utafiti huo kwa moyo, ila ulipima nani anajibiwa, haukupima anaandikwaje.

Huku kwetu, kuna kitu kinachonitia hofu kuliko kadi ya chama: nauli. Mwandishi anayelipwa kwa habari moja moja hana namna ya kufika Chunya au Mbarali kwa fedha yake. Akipanda gari la mgombea, akala chakula chake, jioni anakaa kuandika habari ya mwenyeji wake. Hata mwandishi asiye na chama ataona aibu kuanza na swali lililomkwamisha mgombea jukwaani. Chombo kinachotaka habari safi kilipe nauli, hakuna njia ya mkato.

Mwambie kijana, kwenye kila habari ya siasa ampigie kwanza simu yule asiyempenda, mapema mchana, kukiwa bado na muda wa kumsikiliza mpaka amalize. Akimwacha awe wa mwisho, gazeti likikaribia kwenda mtamboni, atamwandikia mstari mmoja: "hakupatikana kuzungumzia suala hilo." Mistari ya namna hiyo nimeifuta mingi, na mara kadhaa nilipopiga mwenyewe, simu ilipokelewa.