Shangazi Anajibu: Simwoni mume wangu katika risala yake

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu, dereva wa treni hapa Tabora, alifariki miezi sita iliyopita, na eda nimeshamaliza. Shemeji zangu wanaandaa hitima na wameniletea risala inayosema marehemu alikuwa "mume mwema, baba mlezi, mcheshi na mpenda watu". Si uongo, lakini nikiisoma simwoni mume wangu. Tena kitindamimba wetu wa miaka saba, kila akisikia honi ya treni, hukimbilia nje, kwa kuwa baba yake alizoea kupiga honi mara mbili akikaribia kwetu. Ndugu wanataka nimkataze, wakisema kumtajataja marehemu ni kupingana na kadari. Nifanyeje? Mjane, Tabora.*

Marahaba, mwanangu, na Mwenyezi Mungu akupe subira.

Nianze na hilo la kadari, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Mtume (S.A.W.) alimkumbuka Bibi Khadija miaka mingi baada ya kufiwa naye, na alipochinja mnyama aliwapelekea nyama marafiki za marehemu mkewe. Ikiwa yeye hakuona haya kulitaja jina la mkewe, sijui shemeji zako wanaogopa nini.

Kuhusu risala, maneno waliyoandika yangeweza kusomwa kwa marehemu yeyote, na ndiyo maana humwoni wako humo. Katika ukurasa wa pili wa barua yako, ambao sikuuchapa, umenieleza kwamba kila aliporudi kutoka Mpanda alikuletea asali katika chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, na kwamba hata akiingia saa nane za usiku alikaa kwenye kigoda akapiga rangi viatu vya shule vya watoto wote watatu kabla ya kwenda kulala. Huyo ndiye mume na baba. Andika hayo, kisha uwaombe madereva wenzake wakusimulie alivyokuwa safarini, kwa sababu kuanzia pale Kaliua njia ya Mpanda inapochepuka hadi mwisho wa safari kulikuwa na maisha yake ambayo wewe hukuyaona. Usiyafiche hata yale mliyogombania, kama tabia yake ya kukopesha mshahara kabla haujafika nyumbani, kwani waliokopeshwa watakuwapo kwenye hitima hiyo na watakuwa wa kwanza kutikisa vichwa. Shemeji zako waonyeshe ulichoandika mapema, kwa heshima, ili wasidhani umewapuuza.

Mtoto usimkataze. Anajua baba yake amekufa. Alikuwapo siku ya mazishi. Anachokimbilia ni dakika ile aliyokuwa akiipata na baba yake, na ukimfungia mlango atajifunza kwamba jina la baba ni jambo la kunyamaziwa. Siku moja toka naye, simameni pamoja mpaka behewa la mwisho lipite, umweleze ni kwa nini honi ilipigwa mara mbili na si mara moja. Atakapoacha kukimbia, na ataacha, iwe kwa hiari yake.

Jambo jingine ni la haraka zaidi kuliko risala yenyewe. Umesema sauti zake bado zimo katika simu yake. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba ile huweza kupewa mtu mwingine, kwa hiyo mwombe binti yako mkubwa ahamishe sauti na picha zote wiki hii, azihifadhi mahali pawili. Huyo binti, ambaye unasema hajalia wala kuzungumza tangu msiba, huenda akapata pa kuanzia akiwa na kazi mkononi.

Nguo za marehemu zigawe kama mila yenu inavyotaka. Koti la kazi tu ndilo ningekuomba lisitoke nyumbani kabla hujawauliza watoto wote watatu, hata huyo wa miaka saba.