Ukija Iringa kwa Siku Moja, Tafuta Msimulizi Kwanza

Watu wengi huijua Iringa kwa kupita tu. Basi la Mbeya linashusha na kupakia, safari inaendelea. Wengine wanalala usiku mmoja na alfajiri wanawahi Hifadhi ya Ruaha. Mimi ni mkazi wa hapa, na ndugu au marafiki wakija likizo mimi ndiye ninayewatembeza, kazi ninayoipenda kuliko nyingi. Kabla hatujapanda gari huwa nawaambia jambo moja: vivutio vyetu ni vidogo kwa macho. Isimila ni korongo lenye mawe. Kalenga ni kijumba cha makumbusho katikati ya kijiji. Gangilonga ni jabali juu ya mji. Ukienda peke yako ukapiga picha na kuondoka, utasema hapakuwa na kitu. Ukiwa na mtu anayejua kusimulia, jua litazama bado una maswali. Kwa hiyo ukipanga bajeti, tenga kwanza hela ya mwongozaji, mengine yafuate.

Anza na Isimila, na uanze mapema. Iko kilomita kama 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Kama huna usafiri, panda gari za Ifunda au Mafinga, mwambie konda akushushe njia panda ya Isimila, halafu tembea taratibu mpaka lango. Sababu ya kuwahi ni kwamba kule chini korongoni kivuli ni cha kutafuta, na mchanga wa mto mkavu ukishashika joto, wazee na watoto wanachoka haraka. Saa mbili asubuhi bado kuna ubaridi, na mwanga wa wakati huo ukigonga nguzo za asili za udongo unazifanya zionekane nyekundu na ndefu zaidi.

Lakini usikimbilie nguzo, ingawa ndizo zinazojaa mitandaoni. Simama kwanza kwenye zana za mawe. Zilianza kujulikana mwaka 1951, na mwaka 1957 na 1958 mtaalamu wa Kimarekani, Clark Howell, akaja kuchimba. Umri wa zana hizo unakadiriwa kuwa miaka 260,000 hivi. Tarakimu hiyo ukiisoma kwenye ubao inapita kama namba ya simu. Mwombe mwongozaji akuonyeshe shoka la mkono kwa karibu, na akikuruhusu ulishike, lishike. Upande mmoja umeachwa mnene ili ukae kiganjani, pembeni jiwe limebanduliwa vipande vidogo vidogo, kushoto na kulia, mpaka ncha ikatoka. Utajikuta kidole gumba kimepata mahali pake bila kuelekezwa. Hapo ndipo ile namba inapoanza kuwa mtu, aliyekaa kando ya maji akichagua jiwe na kulikataa lingine. Ndiyo, maji yalikuwapo: mwongozaji mzuri atakueleza kuhusu mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa.

Jiwe ulilolishika lirudishe palepale. Kuna wanaotia moja mfukoni kama ukumbusho. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza, na hata isingekataza, jiwe hilo ukilipeleka sebuleni kwako Tabata, Dar, linakuwa jiwe tu.

Kwenye nguzo shuka na viatu vya kufunga, maana njia ina changarawe inayoteleza. Wakati wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, uliza kwanza langoni kama njia ya chini inapitika. Watoto washikwe mikono, na wasiachwe wachore majina yao kwenye nguzo. Ni udongo ule, ukikwanguliwa haurudi.

Kutoka hapo rudi mjini ule mapema. Sitakuchagulia hoteli; pita karibu na Soko Kuu, ugali na mboga za majani au makande hutakosa. Sokoni tafuta vikapu vya nyasi za milulu vinavyofumwa na kina mama wa mkoa huu. Bei zungumza kwa heshima, usimbane mama wa watu kwa kikapu kilichomla siku kadhaa. Ukija msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, onja ule mbichi wa asubuhi ambao bado ni mtamu. Wa jioni una nguvu, na wewe bado una safari.

Alasiri yote ipe Kalenga. Ni kilomita kama 15 kwa barabara ya kwenda Ruaha, daladala zipo, na bajaji watakubali mkielewana. Ukifika salimia, "Kamwene," hata kama Kihehe chako kinaishia hapo. Nimeona mara nyingi sura za wenyeji zinavyobadilika mgeni akilitamka.

Ndani, kwenye kabati la kioo, kuna fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Wageni wengi huingia, wakalitazama, wakatoka. Naomba usifanye hivyo. Kaa chini, mwambie mwongozaji aanzie Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipokivamia kikosi cha Wajerumani kilichokuwa njiani na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Kisha akupeleke Oktoba 1894, mizinga ya Wajerumani chini ya Gavana Friedrich von Schele ilipoiangusha ngome ya Kalenga, hapohapo ulipo. Mkwawa akaponyoka, akapigana vita ya msituni mpaka Julai 1898. Kule Mlambalasi, adui walipokaribia, akajipiga risasi asikamatwe hai. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani.

Kinachonishika mimi ni kilichofuata. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliofunga Vita Kuu ya Kwanza na kugawa mipaka ya Ulaya, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa katika miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilichagua kutoka kwenye mafuvu mengi yaliyokuwa makumbusho ya Bremen, Ujerumani, akitumia vipimo vya vichwa vya watu wa ukoo wake na tundu la risasi, na mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Wapo wanaohoji kama kweli ndilo lenyewe. Uliza bila woga, kwa adabu. Mzee mmoja aliyekuwa akituongoza aliulizwa hivyo na mpwa wangu mbele yangu. Hakukasirika. Alivua kofia yake, akaishika kifuani, akasema, "Mwanangu, sisi tulidai kichwa, tukaletewa hiki. Tukakipokea kama baba." Kijana hakuuliza tena, lakini alibaki mbele ya kile kioo muda mrefu baada ya sisi kutoka kwenda kuona makaburi ya ukoo.

Kuhusu malipo: beba kitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni havilingani. Weka hela kwenye simu kwa ajili ya kiingilio na noti ndogondogo kwa ajili ya mwongozaji. Hao vijana na wazee wamebeba historia kichwani, na ya kwao mpe mkononi, usiseme kiingilio kimeshalipwa. Kupiga picha karibu na fuvu, omba ruhusa kwanza.

Ukirudi mjini na jua bado lipo, panda Gangilonga. Masimulizi yanasema Mkwawa alikuwa akija hapo kutafakari. Kutoka juu mji wote uko chini yako. Nenda na wenzako na mshuke kabla giza halijaingia. Makumbusho ya Boma, katika jengo la Wajerumani pale mjini, ni mazuri na yamepangwa vizuri, ila kwa siku moja nayaacha. Kuyapitia mbiombio ni kuyadhulumu. Wenye siku mbili waanzie huko. Na ukija Juni au Julai, beba sweta nzito, baridi ya jioni hapa si ya kujaribiwa na kanga.

Wanaorudi Dar kwa gari binafsi, kesho yake simameni Lugalo, kando ya barabara kuu. Kuna mnara wa Wajerumani waliouawa siku ile. Mabasi hayasimami, na anayepita kwa mwendo hauoni. Teremka dakika kumi. Wahehe walioanguka hapo nao walikuwa wengi; ndiyo maana nakushauri ufike ukiwa umetoka Kalenga, ukiwa na upande wa pili wa habari tayari kichwani.