Redio ilisema nyuzi nne, kinyungu changu kikaungua

Kamwene! Wanaolima vinyungu, bustani zetu za kiangazi, huku Mufindi mkoani Iringa watanielewa haraka.

Julai moja nilisikia redioni kwamba usiku baridi ingeshuka mpaka nyuzi 4. Nne si sifuri, nikajiambia, nikajifunika blanketi. Asubuhi nikakuta majani ya viazi yamepakwa unga mweupe wa barafu, ukiyagusa yanakatika kama biskuti. Jua lilipopanda yakalegea, yakawa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Nusu eka. Viazi vya jirani, juu kidogo mlimani, havikuguswa.

Utabiri haukukosea. Mimi ndiye sikujua namba ile imepimwa wapi. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Kiazi kiko chini. Usiku wa nyota usio na upepo, ardhi hupoteza joto lake angani, na hewa inayogusa majani hupoa kuliko ile ya kisandukuni kwa nyuzi kadhaa. Tena hewa baridi ni nzito: huteremka kama maji na kutuama bondeni. Na vinyungu tunavilima wapi? Huko huko bondeni, tukifuata unyevu wa kiangazi.

Basi nikanunua vipimajoto viwili vya bei ndogo. Kimoja nikakifunga kwenye kijiti kinyunguni, usawa wa majani, kingine karibu na nyumba. Navisoma alfajiri kabla jua halijatoka, maana ndipo baridi inapofika chini kabisa. Daftari la mtoto la shule linatosha: namba ya utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), namba zangu mbili, mawingu, upepo. Kipupwe kimoja tu kikanionyesha kwamba usiku wa nyota bonde langu huwa chini ya utabiri kwa nyuzi 5 hivi. Kwako inaweza kuwa 2 au 6, usiazime yangu.

Wageni huogopa siku za ukungu na manyunyu, upepo wa kusini mashariki unapobana. Siku hizo mimi nalala vizuri, kwa sababu wingu huzuia joto lisitoroke. Ninayoihofia ni jioni mawingu yanapoachia baada ya siku nyingi za baridi, upepo ukatulia, na moshi wa majikoni ukatanda bondeni badala ya kupanda. Hiyo ya moshi nilionyeshwa na mzee jirani: "Mwanangu, ukiona moshi umelala, wewe usilale."

Ukiona hivyo mapema, mwagilia mchana, kwani udongo uliolowa hutunza joto. Miche ifunike kwa viroba jioni, uifunue jua likitoka. Matandazo ya nyasi, ambayo kwa unyevu hayana mpinzani, usiku huo yasogeze pembeni, yanazuia joto la udongo lisiyafikie majani. Kuchoma takataka ili moshi ufukuze barafu nimejaribu. Nilivuna kikohozi.

Mvua ya mawe ya Novemba na Desemba ni habari nyingine, daftari halisaidii sana. Hupiga shamba lako na kumruka jirani. TMA wakitoa angalizo au tahadhari ya mvua kubwa kwa mkoa wetu, nalima asubuhi na kuanzia saa sita naangalia mawingu yanayosimama kama minara. Radi ikimulika nahesabu sekunde mpaka ngurumo, kisha nagawa kwa 3 kupata kilomita. Sekunde zikiwa 30 au chini yake, radi iko ndani ya kilomita 10. Hapo tuta simalizi. Jembe linabaki palepale nami nakimbilia nyumbani, si chini ya mti.