Nililipia naitrojeni, nikasahau geji

Fundi aliponiambia gesi ya naitrojeni haipungui kwenye tairi, nilimwamini kupita kiasi. Nikalipia tairi zote nne, zikavishwa vile vifuniko vya kijani kwenye valvu, na kwa miezi kadhaa sikushika geji ya kupimia presha. Siku niliyokuja kupima, tairi moja ya nyuma ilisoma psi (kipimo cha presha) 21 badala ya 32. Valvu ilikuwa inavuja, na valvu inayovuja haichagui gesi.

Upepo huu tunaovuta ni naitrojeni kwa 78%. Oksijeni ni 21%, kinachobaki ni agoni na vingine vidogo vidogo. Hata tairi iliyoshuka kabisa huwa na upepo huo ndani, kwa hiyo ukiongeza naitrojeni mara moja tu hadi psi 32, oksijeni inabaki kama 6 au 7%. Ndiyo maana fundi makini hujaza, akatoa, akajaza tena.

Faida ipo, nisije nikaonekana nina chuki nayo. Oksijeni hupenya mpira upesi kuliko naitrojeni. Jarida la Consumer Reports la Marekani liliwahi kujaribu aina 31 za tairi kwa mwaka mzima: zenye upepo wa kawaida zilipoteza wastani wa psi 3.5, zenye naitrojeni psi 2.2. Tofauti yenyewe ni psi 1.3 kwa mwaka! Baridi ya asubuhi peke yake, joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, inakuondolea zaidi ya hapo, na hapo gesi zote mbili ni sawa. Kinacholeta tofauti ni unyevu. Kompresa ambayo tangi lake halimwagwi maji hukuingizia mvuke, na mvuke hufanya presha ipande ovyo tairi ikichemka.

Kwenye ndege ni habari nyingine. Ndege ya Mexicana iliyoanguka Meksiko mwaka 1986 na kuua watu 167 ilikuwa na tairi iliyojazwa upepo wa kawaida. Breki ilichemka mno, na oksijeni iliyokuwa kwenye upepo huo ikachangia tairi kulipuka angani. Breki zako wewe hazifiki huko.

Sasa baiskeli, maana hapa ndipo nilipojidanganya zaidi. Niliwekewa naitrojeni kwenye shokapu za mbele za baiskeli yangu ya milimani, nikaona njia imelainika ajabu. Nikawasimulia wenzangu. Wiki kadhaa baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba fundi aliniuliza uzito wangu kwanza, akashusha presha niliyokuwa nimeizidisha. Nikatoa gesi yote, nikapampu upepo wa kawaida hadi presha ileile. Sikuona tofauti yoyote. Gesi hizi mbili hubanwa na kuachia karibu sawasawa, kwa hiyo kama shokapu ni ngumu, badilisha presha kabla ya kubadilisha gesi.

Ila shokapu nyingi za nyuma zina chumba kingine kilichofungwa, nyuma ya pistoni inayotenga gesi na oili. Humo naitrojeni ina kazi ya kweli: ni kavu, haiozeshi oili, na presha yake kubwa huzuia oili isitoe mapovu unaposhuka kwa kasi kwenye mawe. Chumba hicho mwachie fundi mwenye vifaa. Na usithubutu kuunganisha silinda ya naitrojeni bila regyuleta, yaani kifaa cha kupunguza presha inayotoka. Silinda iliyojaa huwa na zaidi ya psi 2,000.

Vile vichupa vidogo vya dharura vya waendesha baiskeli, kwa kawaida, ni kabonidioksaidi, siyo naitrojeni. Hiyo hupenya tyubu upesi sana, kwa hiyo ukifika nyumbani toa, upampu upya.

Ukipewa naitrojeni bure, chukua. Ikipungua ukiwa mbali nayo, ongeza upepo wowote, hakuna kinachoharibika. Pima kila mwezi, asubuhi, kabla gari halijatembea. Vifuniko vyangu vya kijani bado vipo. Ndani ni mchanganyiko mtupu, valvu ni mpya, na geji inasoma 32.