Jibu: Candida haitoi nyuzi kwenye seramu

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: umeweka fangasi Candida albicans kwenye seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli) kwa saa 3, lakini bado unaona vichembe vya mviringo tu, hakuna hata mrija mmoja, yaani mwanzo wa uzi.

Kabla ya kulaumu seramu, angalia umeweka fangasi kiasi gani. Mimi lilinitesa wiki nzima hili. Nilikuwa nachota koloni nzima, seramu inakuwa kama maziwa. Seli zikisongamana hivyo, farnesoli, kemikali zinayoitoa zenyewe, huzuia kimeng'enya Cyr1 kinachotengeneza cAMP, molekuli ya kupeleka ishara ndani ya seli. Bila cAMP, kimeng'enya kingine, kinasi A, hakiamki, na protini Efg1 inayowasha jeni za nyuzi haipati amri. Gusa koloni kidogo tu, kisha uchanganye kwenye nusu mililita. Seramu ibaki karibu angavu.

Halafu pima joto ndani ya tyubu yenyewe, usiamini kioo cha inkubeta. Kwenye nyuzijoto 30, protini Hsp90 bado inaibana njia hiyohiyo ya cAMP, inayowashwa na protini Ras1. Inatakiwa 37 kamili.

Usipitishe saa 3 ukidhani utasaidia, maana C. tropicalis, aina nyingine ya Candida, nayo itaanza kurefuka na kukudanganya kuwa ni albicans. Mrija wa kweli haujaminywa pale unapotokea kwenye seli.

Usilichukulie kama zoezi la maabara tu. Panya walioambukizwa Candida isiyo na Efg1 wala Cph1 (protini nyingine inayowasha jeni za nyuzi) walinusurika karibu wote, kwa hiyo swichi unayoitafuta ndiyo inayougusa ugonjwa wenyewe.

Ukirudia, tuwekee picha ya hadubini hapa.