Usijikaze Ukiwa Mbali na Hospitali

Niliumia saa nne asubuhi, nikaja kusema saa tisa alasiri. Saa tano hizo zilinitesa kuliko jiwe lililoniangusha.

Tulikuwa Wilpena Pound, kwenye milima ya Flinders, zaidi ya kilomita 400 kaskazini mwa Adelaide anakoishi mdogo wangu. Nilitoka Tanga kumtembelea, mara yangu ya kwanza Australia. Tukishuka kutoka Wangara, sehemu ya juu ya kutazamia mandhari, kokoto zikateleza chini ya kiatu, kifundo kikapinda kwa ndani, nikasikia "ko!" kama kijiti kikavu kinavunjwa.

"Dada, umeumia?"

"Hata, twende."

Ndivyo tulivyolelewa. Jikaze kisabuni, usiwaharibie wenzako safari. Nikashuka mlima mzima nimeuma meno, nikala chakula cha mchana nacheka na wenzangu. Alasiri kiatu kikagoma kutoka. Mdogo wangu ilibidi akate kamba kwa kisu cha jikoni, na soksi ilipovuka, mguu ulikuwa umejaa kama andazi, rangi ya zambarau hadi vidoleni.

Hospitali ya karibu ilikuwa Hawker, zaidi ya kilomita 50. Nesi akaniuliza maumivu ni kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi. Nikasema nne. Mdogo wangu akanikazia macho: "Dada, sema kweli." Ilikuwa nane. Ukiulizwa swali hilo, tafadhali usilijibu kwa heshima. Namba unayotaja inasaidia kuamua upewe dawa gani na ushughulikiwe haraka kiasi gani. Mtu anayesema nne anasubiri.

Nesi alizungumza na daktari kwa video, akanifunga banzi, akasema nahitaji eksirei Port Augusta, mwendo wa kilomita 100 nyingine. Lakini jua lilikuwa linazama, na huko giza likiingia kangaruu wanajaa barabarani. Wenyeji wenyewe hukwepa kuendesha usiku. Ikabidi tulale. Ningesema saa nne, kabla ya jua kuzama tungekuwa Port Augusta. Badala yake nilikesha nimeegemeza mguu juu ya mito, na mfuko wa njegere za barafu uliozungushiwa taulo.

Mama mmoja mzee tuliyepanga naye nyumba moja alinipikia chai, akaniambia wao hawaoni haya kuita msaada. Tangu 1928 wana madaktari wanaowafuata kwa ndege mashambani. Umbali umewafundisha kusema mapema.

Kwa hiyo kama unakwenda huko, namba ya dharura ni 000. Ikiwa Kiingereza kinakupotea ukiwa na maumivu, namba 131 450 inakuunganisha na mkalimani. Simu nyingi hukosa mtandao ukitoka mjini kidogo tu, basi mwachie mtu taarifa mnapita njia gani na mtarudi saa ngapi.

Kuhusu pesa, naomba unisikilize vizuri. Australia ina mkataba wa matibabu na nchi 11 tu, na hakuna hata moja ya Afrika. Mgeni kutoka kwetu hulipia matibabu, na gari la wagonjwa pia lina bili yake. Bima ya safari iliniokoa, ila kwa sababu mdogo wangu aliwapigia jioni ileile, kabla ya eksirei, na kutunza kila risiti. Namba ya bima iandike kwenye karatasi, maana simu huzima chaji. Na soma kama bima yako inalipia kupanda milima, nyingine hazilipi.

Mfupa wa nje wa kifundo ulikuwa umepasuka. Nilifungwa hogo, nikapewa magongo. Usikimbilie ndege ukishafungwa hogo: mguu huvimba angani, na mashirika mengi hutaka zipite saa 48 kabla ya safari ndefu, au hogo lipasuliwe pembeni. Muulize daktari pia kuhusu damu kuganda, akupe na barua. Kiti cha magurudumu kiombe siku mbili kabla.

Ndani ya ndege mhudumu alipita akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia mguu unauma sana, naomba mto. Akaniletea miwili.