Anza na kamba, farasi utamkuta

Wengi wanaokuja Jalisco, Meksiko, kujifunza ucharro, mchezo wa jadi wa kupanda farasi na kurusha kamba, huulizia farasi kwanza. Hata mimi niliulizia. Mzee aliyenipokea akanipa reata, yaani kamba ya kitanzi, akanionyesha gogo lililosimikwa mchangani, akaniambia nilirushie kitanzi mpaka jua lizame. Zilipita wiki tatu sijashika hatamu. Nawe ukija kwangu, utaanzia kwenye gogo.

Reata ya asili husokotwa kwa nyuzi za maguey, mmea ulio ndugu wa mkonge. Aliyekulia Tanga ataizoea haraka, maana mkonge wetu nao asili yake ni Meksiko. Ulifika Tanganyika mwaka 1893. Kamba hiyo ikipata unyevu hukakamaa, kwa hiyo ipapase kila asubuhi kabla hujaitegemea.

Sasa nisikilize vizuri. Katika mchezo wa piales, farasi jike anakuja mbio kwenye njia ya lienzo, yaani uwanja wa ucharro, mita 60 kwa urefu, nawe umekaa juu ya farasi wako aliyesimama. Unamnasa miguu ya nyuma, halafu unaizungusha kamba kwenye kichwa cha tandiko, kile kigingi cha mti kilicho mbele yako. Usiifunge! Iache ikimbie, isuguane na mti mpaka moshi utoke, na yule jike apunguze mwendo kidogo kidogo hadi asimame. Ukiikaza ghafla unaweza kumvunja mguu. Na kidole gumba kikiingia kati ya kamba na tandiko, hicho umeshakipoteza. Nimepeana mkono na wazee wawili wasio na gumba la kulia. Chungulia tandiko la mzoefu yeyote: utaona mifereji myeusi iliyochimbwa na kamba kwenye ule mti.

Kazi ndiyo iliyozaa mchezo huu. Kwenye mahacienda, yaani mashamba makubwa, ng'ombe na farasi walizagaa maporini, ikabidi wasakwe, wakamatwe, wapigwe chapa. Mapinduzi yaliyoanza 1910 yalipoyavunja mashamba yale, charro wengi, yaani wapanda farasi wa kazi hiyo, walijikuta mijini, na mwaka 1921 wakaunda chama cha taifa ili ujuzi usife. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016. Kwa hiyo usikimbilie kununua vifungo vya fedha. Jua kwanza kwamba ile kofia pana inakinga jua, na kichwa pia ukianguka, na kwamba ngozi za miguuni zilikuwa za kuzuia miiba.

Dada zangu, escaramuza si mapambo. Ilianza mwaka 1953: wanawake 8 juu ya farasi wanapishana kwa kasi, kila mmoja ameketi kiupande, miguu yote kushoto. Kulia huna mguu wa kumwelekeza farasi, na mwenzako anakupita karibu kiasi cha kugusana marinda. Binafsi ndiyo naiona ngumu kuliko zote.

Mtasikia pia lawama kuhusu manganas, ambako farasi huangushwa kwa kunaswa miguu ya mbele. California ilipiga marufuku kuwaangusha farasi namna hiyo tangu miaka ya 1990. Msiwabeze wanaolaumu. Mnyama akichechemea, teremka umwangalie, hata kama majaji wanahesabu pointi.

Siku ya kwanza njoo alfajiri, gogo likiwa bado kwenye kivuli. Vua pete zote uziache nyumbani.